Ulimi Wenye Ramani

Kamanyola ni mahali pa mipaka. Msafiri atokaye Bukavu kwenda Uvira kwa njia ya Ngomo huteremka mlima kwa makona makali, na afikapo chini hupokewa na joto la uwanda wa Ruzizi, pamoja na mashamba yake ya mpunga, mihogo na nyanya. Mto Ruzizi, utokao katika ziwa Kivu na kushukia ziwa Tanganyika, hupita kando ya mji, na huko hupokea maji ya mto Ruhwa. Mito hiyo miwili ikutanapo, ndipo zikutanapo nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa sababu hiyo mtoto wa shule wa Kamanyola hapati taabu kufahamu ramani ni kitu gani. Mpaka autazama kwa macho yake kila siku.

Leo, wasomaji wapenzi, twataka kuzungumza nanyi habari ya ramani ya namna nyingine, ambayo hakuna mpima ardhi aliyeichora. Ramani hiyo huonekana juu ya ulimi wa mwanadamu. Ina visiwa vyekundu visivyo na manyoya, na kila kisiwa kina pwani nyeupe au ya manjano, iliyoinuka kidogo. Tena ramani hii ina ajabu moja: haikai mahali pamoja. Leo kisiwa kiko ubavuni. Baada ya siku chache kimetoweka, na kingine kimetokea nchani mwa ulimi. Waganga wasemao Kifaransa huiita langue géographique, na huenda mtakuta maneno hayo yameandikwa katika karatasi ya hospitali. Sisi tutaiita ulimi wa ramani.

Neno hili si jipya ulimwenguni. Daktari Mfaransa aitwaye Pierre Rayer aliandika habari zake mwaka 1831. Tangu hapo waganga wa nchi nyingi wameuona kwa wazungu na kwa weusi, kwa watoto na kwa wazee. Hukadiriwa kwamba katika kila watu 100, mtu 1 hadi 3 wanao. Basi shule yenye wanafunzi 600 yaweza kuwa na watoto 6 hadi 18 wenye ulimi huo, hata kama mwalimu hamjui hata mmoja wao. Wengi wao wenyewe hawajui, maana hawasikii maumivu yoyote.

Huenda msomaji akauliza: Ikiwa jambo hili haliui, kwa nini kulichosha gazeti kwa habari zake? Jibu letu ni hili. Ulimi wa ramani haujamwua mtu, lakini hofu ya ulimi wa ramani yaweza kumdhuru mtoto vibaya. Tutaeleza jinsi gani.

Ulimi umeumbwaje

Simama mbele ya kioo mchana, penye mwanga wa kutosha, utoe ulimi wako. Utaona kwamba si laini kama shavu kwa ndani, bali umefunikwa na vinundu vidogo sana. Vilivyo vingi kuliko vyote ni vyembamba kama nyuzi za zulia. Hivyo havionji ladha. Kazi yake ni kuufanya ulimi uwe wa kukwaruza kidogo, upate kushika chakula. Katikati yake vimetawanyika vingine vyenye umbo la uyoga, vyekundu, ambavyo huonja chumvi, sukari na uchungu. Na kule nyuma kabisa, karibu na koo, mna vinundu vikubwa 8 hadi 12 vilivyojipanga mfano wa herufi V. Mtu aviangaliaye kwa mara ya kwanza hushtuka na kudhani ameota uvimbe. La, amezaliwa navyo.

Ngozi ya ulimi hujifanya upya upesi. Kila siku vipande vidogo visivyoonekana kwa macho humeguka na vipya huota mahali pake. Kwa mwenye ulimi wa ramani, mahali pengine zile nyuzi humeguka kabla ya wakati, na ngozi nyekundu iliyo chini huonekana. Ndicho kile kisiwa. Pembeni mwake nyuzi zingali zikijikusanya, na hiyo ndiyo pwani nyeupe. Baada ya siku chache au majuma machache nyuzi huota tena, kisiwa hufunikwa, nacho kingine huzuka penginepo. Kwa kuwa vinundu vya kuonjea hubaki, mtu huyo kwa kawaida huendelea kuonja chakula chake kama wenzake.

Asili yake haijafahamika barabara hata leo. Waganga wameona kwamba mara nyingine huonekana kwa watu wa jamaa moja, mzazi na mtoto. Wameona pia kwamba hupatikana zaidi kwa wenye ulimi wa mifereji, yaani ulimi wenye mistari mirefu iliyozama, na kwa wenye ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi, ufanyao magamba meupe viwikoni na magotini. Lakini walio wengi wenye ulimi wa ramani hawana ugonjwa mwingine wowote. Na jambo hili lishikwe sana: hauambukizi. Haupiti kwa kikombe, wala kwa kijiko, wala kwa busu la mama, wala kwa kula sahani moja.

Maneno ya mtaani

Sasa tuitazame hofu. Katika uwanda wetu watu wamepata sababu nyingi za kuogopa alama za mwilini. Huko Uvira kipindupindu kimerudi mara nyingi, na kila mama amemwona mwuguzi akitazama ulimi wa mtoto mwenye kuhara, apate kujua kama umekauka. Ukimwi, ambao huku kwetu huitwa Sida, umewafundisha watu kuogopa kinywa chenye utando mweupe. Tena mwaka 2023 aina mpya ya virusi vya mpox iligunduliwa Kamituga, katika mkoa wetu huu wa Kivu ya Kusini. Ikaenea hata nchi jirani, mpaka Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Tangazo hilo liliondolewa Septemba 2025, lakini hofu haiondolewi kwa tangazo. Na kwa kuwa mpox huweza kuleta vidonda hata kinywani, mtoto mwenye madoa ulimini hutazamwa kwa jicho la shaka.

Shaka huanza kwa maneno, na ulimi hauna mfupa. Jirani mmoja husema ni Sida ya mama yake. Wa pili husema mtoto amelishwa sumu. Wa tatu ana hakika kwamba ni adhabu ya kusema uongo. Baada ya juma moja mtoto ana kikombe chake peke yake, sahani yake peke yake, na mwisho wa benchi peke yake. Sisi walimu twawajua watoto wa namna hiyo. Hawainui mkono darasani. Hucheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja. Wengine hubaki katika kiti chao wakati wa Komunyo Takatifu, si kwa kuwa wana kosa la kuungama, bali kwa kuona haya kutoa ulimi mbele ya padre na mtumishi wake. Ulimi wenye ramani hauambukizi. Ulimi wenye uvumi ndio uambukizao.

Baya zaidi ni mkono ufuatao maneno. Wako watu katika nchi zetu hizi, upande huu wa Ruzizi na upande ule, waaminio kwamba shida yoyote ya kinywa au koo huponywa kwa kukata kilimi, yaani kile kinyama kidogo kininginiacho nyuma ya kaakaa. Warundi na Wanyarwanda hukiita ikirimi, na desturi ya kukikata ingali inajulikana sana. Kilimi hakina uhusiano wowote na ulimi wa ramani. Kukikata kwa wembe au kwa kisu cha mwendo wa nyumba kwa nyumba huleta damu isiyokoma, usaha, pepopunda, na maradhi ya damu yapitayo kwa chuma kilichotumika kwa mwingine. Mtoto aliyeingia katika nyumba ya mkataji akiwa mzima aweza kutoka akiwa mgonjwa wa kufa. Wengine husugua ulimi kwa majivu, chumvi na ndimu mpaka utoke damu, wakidhani wanafuta uchafu. Hawafuti kitu. Ule wekundu ni ngozi yenyewe, nao wanaichubua.

Mazungumzo katika kituo cha afya

Tulimsindikiza siku moja mwanafunzi wa mwaka wa tano na mama yake mpaka kituo cha afya. Nyumbani walikuwa wamekwisha kuuza mbuzi. Walinunua vidonge vya kuua vijidudu mara mbili, kisha dawa ya zambarau ya kupaka kinywani, iliyoufanya ulimi wote na midomo yote ya mtoto iwe na rangi hiyo, akacheka kila mtu njiani isipokuwa yeye. Mwuguzi mzee aliyewapokea hakushika dawa yoyote. Alimwita mtoto dirishani, akautazama ulimi, akaanza kuuliza.

"Mama, madoa haya mliyaona tangu lini?"

"Tangu Pasaka, mganga."

"Wakati wa Pasaka yalikuwa hapa hapa, upande huu wa kulia?"

Mama akafikiri. "Hapana. Yalikuwa kushoto, huku nyuma. Yakaisha, nikamshukuru Mungu. Kisha yakaja mbele. Sasa yako hapo."

"Mtoto ana homa? Anakonda? Anatapika, anahara?"

"Hapana, mganga. Anakula vizuri. Analia tu nikitia pilipili katika sombe."

"Basi, mama yangu, umeniambia mwenyewe jina la ugonjwa. Kidonda kibaya hakihami nyumba kama mpangaji. Hiki kinahama. Mtoto wako ni mzima."

Mama akanyamaza, kisha akauliza neno ambalo wazazi wengi wangeuliza: "Na dawa yake?"

"Dawa yake ni kuacha dawa."

Jibu hilo lilikuwa gumu kwa mtu aliyekwisha kuuza mbuzi, lakini lilikuwa la haki. Vidonge vya kuua vijidudu haviponyi ulimi wa ramani, maana hakuna kijidudu cha kuuawa. Kinyume chake, vikitumiwa ovyo vyaweza kuua vijidudu vizuri vya kinywani na kuiachia kuvu nafasi ya kuota. Ndipo mtoto apate ugonjwa ambao hakuwa nao. Hakuna dawa iondoayo ulimi wa ramani moja kwa moja. Huja, huondoka, huweza kukaa miezi bila kuonekana, kisha ukarudi. Iwapo unauma sana, daktari aweza kutoa dawa ya maumivu, au maji ya kusukutua yenye dawa ya kutuliza, kwa siku chache. Basi.

Wafananao naye

Hata hivyo, tusije tukamfundisha mtu kudharau kila doa. Ulimi ni dirisha la mwili, na yako maradhi ya kweli yaonekanayo dirishani humo. Yafaa kuyajua kwa sura zake.

La kwanza ni utando wa kuvu. Huo ni mweupe kama maziwa yaliyoganda, huonekana ulimini, mashavuni kwa ndani na kaakaani. Ukiufuta taratibu kwa kitambaa safi huweza kutoka, na chini yake mahali huwa pekundu, pengine pakatoka damu. Huwapata watoto wachanga, watu waliotumia vidonge vya kuua vijidudu kwa muda, wenye kisukari, na wale ambao Ukimwi umepunguza nguvu za miili yao. Dawa yake ipo na inaponya. Mtu mzima aupataye bila sababu inayojulikana afanye vema kupima damu. Kujua ni bora kuliko kubahatisha.

La pili ni upungufu wa chakula na wa damu. Hapo ulimi wote, si visiwa tu, huwa laini kama kioo. Ukiwa umepauka, pengine damu imepungukiwa na chuma. Ukiwa mwekundu sana na wenye kuuma, pengine mwili umekosa vitamini za kundi la B. Mfano mkubwa wa jambo hili twaupata Malawi. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa huko waliishi kwa mahindi karibu peke yake, na karanga zilipokosekana katika posho yao, watu zaidi ya 17,000 walishikwa na pelagra. Ugonjwa huo huchoma ngozi mahali pipigwapo na jua, huleta kuhara, huvuruga akili, na huufanya ulimi kuwa mwekundu na wenye vidonda. Mkono mmoja wa karanga ungaliwakinga wengi. Basi mtoto alaye bugali mtupu, ulimi wake ukawa laini wote, hahitaji kukatwa kitu. Ahitaji maharagwe, karanga, ndagala, mayai na mboga za majani, na kuonwa na mganga.

La tatu ni mpox, tuliyokwisha kuitaja. Huyo haji kwa ulimi peke yake akiwa ametulia. Kwa kawaida huleta homa, uchovu, maumivu ya mwili na kuvimba tezi, pamoja na malengelenge ya ngozi, usoni, viganjani, nyayoni au sehemu za siri. Mtoto achezaye mpira tangu asubuhi hadi jioni, ngozi yake safi, hana homa, ila ana visiwa vihamavyo ulimini, hana dalili hizo. Lakini mwenye homa na malengelenge apelekwe kituoni mara moja, asifichwe. Maana mficha maradhi, kilio humfichua.

La nne ni kidonda kisichohama. Hili twaomba wazazi na wazee walisome mara mbili. Kidonda au doa, jekundu au jeupe, likaalo mahali pale pale kupita majuma mawili au matatu, likiwa gumu chini ya kidole, au likitoka damu, au likiambatana na uvimbe shingoni, laweza kuwa mwanzo wa saratani ya kinywa. Wavutao tumbaku na wanywao pombe kali wamo katika hatari zaidi. Mara nyingi saratani hiyo mwanzoni haiumi, na kwa sababu haiumi, mtu hungoja. Angoje mavuno, asingoje hilo.

Daftari la ramani

Mwaona basi kwamba tofauti kubwa iko katika mwendo. Kinachohama kwa kawaida si cha kuogopwa. Kinachokaa ndicho cha kupelekwa kwa daktari. Lakini kumbukumbu ya mwanadamu ni dhaifu, hasa ikiwa ameshikwa na hofu. Kwa hiyo twawapa wasomaji njia ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuifuata kwa daftari na kalamu.

Siku ya kwanza, tuseme Jumapili mchana, mtoto apige mswaki, kisha asimame penye mwanga. Mzazi achore umbo la ulimi katika ukurasa, kubwa kama kiganja, na ndani yake achore kila kisiwa mahali pake hasa. Aandike tarehe. Chini yake aandike maneno mawili matatu: unauma au hauumi, amekula nini, ana homa au hana. Jumapili ya pili afanye vivyo hivyo katika ukurasa wa pili, na ya tatu, na ya nne. Kisha aweke kurasa hizo nne pamoja. Visiwa vikiwa vimehama, vingine vikiwa vimefutika na vipya vimezuka, moyo wake utulie. Hata hivyo aupeleke ulimi huo na daftari kwa mwuguzi au daktari mara moja, apate kuthibitisha. Mara hiyo moja yatosha.

Lakini doa likiwa ni lile lile, mahali pale pale, katika kurasa tatu, asingoje ukurasa wa nne. Wala asianze kuchora kabla ya kwenda kituoni ikiwa mtoto ana homa, au hawezi kumeza, au anakonda, au kinywa kinatoka damu, au ulimi umevimba. Hapo daftari lisubiri, mganga kwanza.

Wenye simu yenye kamera waweza kupiga picha badala ya kuchora. Sisi twapenda kuchora. Mtoto aliyeshika kalamu mwenyewe akaichora ramani ya ulimi wake huanza kuutazama kama jambo la kujifunza, na haya humpungua.

Kula na kuishi

Ulimi wa ramani huwauma baadhi ya watu, hasa wakila vitu vikali. Katika vyakula vya kwetu wa kushtakiwa kwanza ni pilipili, kisha ndimu, nanasi, marakuja, nyanya, ndagala zenye chumvi nyingi, na chai ya moto sana. Kwa watu wazima huongezeka pombe kali na moshi wa tumbaku. Lakini wote hawaumizwi na kitu kile kile. Kwa hiyo mama asimkataze mtoto vyote kwa siku moja. Amwondolee kimoja kwa juma zima, aone kama kuna nafuu. Kama hakuna, amrudishie, ajaribu kingine. Kumnyima mtoto matunda na nyanya zote kwa ajili ya ulimi ni kumponya asiyeugua na kumwanzishia ugonjwa wa kukosa vitamini.

Pilipili isipikwe ndani ya sombe wala ndani ya lengalenga. Iwekwe pembeni katika kisahani, kila mtu ajitilie kiasi chake. Hivyo baba hapungukiwi na ladha, na mtoto aendelea kula pamoja na jamaa katika sahani moja. Huu ndio ufundi mdogo tuuonao kuwa mkubwa: chakula kibadilike kidogo, lakini mtoto asitengwe. Ulimi ukiwaka, maji baridi au maziwa ya kuganda huweza kuutuliza. Mswaki uwe laini, na dawa ya meno isiwe kali ya kuchoma. Ulimi usikwanguliwe kwa kijiti wala kwa kijiko.

Wenye ulimi huu huwaambia waganga pia kwamba hutokea zaidi wakati wa mashaka na uchovu. Uwanda wa Ruzizi umejua vita na ukimbizi miaka mingi, na watu waliolala mara nyingi wakiwa wamefunga mizigo yao tayari huona kila alama kuwa habari ya msiba. Hatuwacheki. Lakini twawaambia watu wazima wautazamao ulimi wao kioo mkononi kila alfajiri: mtazameni mara moja kwa juma, mwandike katika daftari, kisha mwende shambani. Kuutazama mara kumi kwa siku hakubadili mpaka hata mmoja.

Wajibu wetu walimu

Kwetu sisi walimu neno ni fupi. Tusimwite mtoto mbele ya darasa atoe ulimi wake. Tusimhamishe benchi. Akilia kwa sababu ya kuchekwa, tusimwambie tu avumilie. Tufundishe darasa zima somo la ulimi, na vinundu vyake, na kazi yake, na ramani yake. Watoto humcheka wasiyemwelewa. Wakielewa hugeuka kuwa walimu wa nyumba zao, wakaieleza jioni ile ile kwa bibi na shangazi habari waliyoisikia shuleni. Katika nyumba nyingi, neno lililoletwa na mtoto kutoka shuleni limesikilizwa kuliko neno la karatasi ya hospitali.

Na kwenu wazazi. Mtoto akija akasema, "Mama, ulimi wangu una madoa," usipige kelele, wala usimwite jirani kwanza. Mpeleke mlangoni penye mwanga, utazame. Uliza kama ana homa, kama anaumwa, kama anakula. Tafuta daftari, uchore, uandike tarehe. Kisha mwondolee pilipili, umpe chakula chake pamoja na nduguze, katika sahani ile ile ya siku zote.